Laptopu Ndogo ya Linux: Tazama Chuma Kabla ya Mfumo

Kwa bei zinazokaribiana, maduka ya Kariakoo na yale ya katikati ya Nairobi yatakuwekea mezani laptopu ndogo za aina mbili. Ya kwanza ni mpya, bado imo ndani ya nailoni: plastiki nyepesi, kioo cha inchi 11.6, prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Ya pili imefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya. Ina mikwaruzo kwenye mfuniko na alama ya gundi pale ilipobandikwa namba ya mali ya kampuni. Kioo chake ni inchi 12.5, na jina lake ni ThinkPad X270, EliteBook 820 ya HP au Latitude ya Dell ya ukubwa huo. Anayetaka kuweka Linux huvutwa na ile mpya kwa sababu amesikia kwamba Linux ni nyepesi na haichagui mashine. Namsihi achukue ile iliyotumika.

Wepesi wa Linux una mipaka yake, na mipaka hiyo haisemwi vya kutosha. Ni kweli kwamba mfumo wenye eneokazi la Xfce, ukishawaka na kutulia, unaweza kutosheka na chini ya GB 1 ya RAM. Lakini hakuna anayenunua laptopu ili atazame eneokazi. Utafungua kivinjari, na kivinjari ni kilekile: Firefox au Chrome hula RAM kwenye Linux kama vinavyokula kwenye Windows, maana mzigo unatoka kwenye kurasa zenyewe. Barua pepe, WhatsApp Web, hati ya Google na video moja ya YouTube vikifunguliwa kwa pamoja, GB 4 zinaelekea kwisha. Mfumo huanza kuhamishia mzigo kwenye hifadhi, na hapo eMMC inakuangusha. Hifadhi hiyo ni ya ukoo mmoja na memori kadi: mwendo wake ni wa chini, uhai wake wa kuandikwa na kufutwa ni mfupi kuliko wa SSD ya kawaida, na imechomelewa kwenye bodi. RAM nayo, katika laptopu za daraja hili, mara nyingi imechomelewa. Baada ya miaka miwili hakuna fundi atakayekuongezea chochote.

Zile ndogo za zamani zenye prosesa za Atom za kizazi cha Bay Trail ndizo mbaya zaidi. Prosesa zake ni za biti 64 ilhali programu ya kuwashia ni ya biti 32, hivyo fleshi nyingi za Linux hazionekani kabisa. Ukifanikiwa kuiwasha, sauti inaweza kugoma. Ziache hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Mashine zilizotumika hazikufika sokoni kwa kuwa zimechoka. Kampuni za Ulaya na Marekani hununua au kukodi laptopu kwa mkupuo, kisha hubadili zote baada ya miaka michache. Zinazotoka hupita kwa wafanyabiashara wa Uingereza, Ujerumani na Dubai hadi kwetu. Wimbi la sasa lina msukumo wa ziada. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft iliweka sharti la chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zikabaki nje ya mlango huku vyuma vyake vikiwa vizima. Mtu wa Linux hafungwi na sharti hilo, na ndiyo maana huu ni wakati wake mzuri wa kununua.

Katika kundi hilo, tofauti kati ya kizazi cha 6 na cha 7 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Zote zina viini viwili na kasi zake zinafuatana kwa karibu. Iko sehemu moja, hata hivyo, ambayo mtumiaji wa kawaida ataihisi kila siku, nayo ni video. YouTube hupeleka sehemu kubwa ya video zake kwa mfumo wa VP9. Prosesa za kizazi cha 7, zinazoitwa Kaby Lake, zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya kufungua VP9, wakati kizazi cha 6 huachia kazi hiyo viini vya prosesa. Matokeo yake ni feni inayovuma, joto kwenye mapaja na betri inayokwisha mapema. Firefox, kuanzia toleo la 115 la Julai 2023, huitumia sehemu hiyo kwenye Linux yenyewe bila kusubiri mtu aiwashe, mradi chipu ya picha ni ya Intel. Kwa mwanafunzi anayefuata masomo kwa video, jambo hili linazidi uzito tofauti yoyote ya kasi inayoandikwa kwenye tangazo.

Basi soma namba ya prosesa, usisome jina la laptopu peke yake. ThinkPad X270 ilitoka mwaka 2017 na nyingi zina i5-7200U au i5-7300U, lakini Lenovo iliuza pia X270 zenye i5-6200U na i5-6300U. Nje zinafanana kama mapacha. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokuambia kizazi.

X270 ina sifa nyingine inayoifaa sana nchi zetu. Ina betri mbili: moja ndogo iliyo ndani, nyingine inachomoka kwa nyuma. Umeme ukikatika na betri ya nje ikaisha, unaweza kuichomoa na kupachika nyingine bila kuzima mashine, kwa kuwa ile ya ndani inaishikilia. X240, X250 na X260 nazo zina mpango huohuo. X270 ikaongeza kuchajiwa kwa USB-C, hivyo chaja ya wati 45 inayofuata kanuni ya Power Delivery inatosha, nawe hufungwi na chaja ya kampuni moja. Toleo lililofuata, X280 la mwaka 2018, liliondoa betri ya kuchomoa na kuchomelea RAM kwenye bodi. Prosesa yake ya kizazi cha 8 ina viini vinne na inaizidi X270 kwa mbali katika kazi nzito kama kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, lakini ukinunua yenye GB 8 utabaki na GB 8 hadi mwisho wake.

Udhaifu wa X270 ni sloti moja tu ya RAM. Kipande kimoja cha DDR4 cha GB 16 kinamaliza suala hilo, ila ukikuta imewekwa cha GB 4 au 8 itabidi kile cha zamani ukitoe, hakina pa kukaa. HP EliteBook 820 G3 na G4 zina sloti mbili, na hapo ndipo zinaipita. Mwandishi wa programu anayehitaji viini vinne na nafasi ya kuongeza RAM atazame EliteBook 830 G5: kioo kimepanda kidogo hadi inchi 13.3, prosesa kwa kawaida ni ya kizazi cha 8, sloti ni mbili.

Sasa kadi ya Wi-Fi. Wanunuzi wengi huuliza RAM, diski na prosesa, na hakuna anayeuliza kadi ya Wi-Fi, ilhali ndiyo inayowakatisha watu tamaa na Linux kuliko kitu kingine chochote. Draiva za kadi za Intel, mfano 8260 na 8265 zinazopatikana katika laptopu nilizozitaja, zimo ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux wenyewe. Unawasha mashine, unaona majina ya mitandao, unaunganisha. Kadi nyingi za Broadcom, hasa zilizomo katika MacBook Air ya inchi 11, ambayo ni mashine nzuri kwa umbo, hutegemea draiva ya kampuni inayokaa nje ya kerneli. Kila kerneli inaposasishwa, draiva hiyo inapaswa kujengwa upya, na siku ikishindikana unabaki bila mtandao wa kutafutia suluhisho. Realtek zimo zinazokwenda vizuri na zimo za kusumbua, kwa hiyo ijaribu kwanza ndipo uamini.

Ukijikuta na kadi isiyotambulika, ipo njia ya kutokea ambayo kila mwenye simu ya Android anayo. Unganisha simu kwa waya wa USB, fungua mpangilio wa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao. Haihitaji draiva yoyote ya ziada. Ukishaingia mtandaoni unapakua kinachokosekana. Debian ilikuwa maarufu kwa usumbufu huu kwa sababu faili za kampuni zinazoendesha kadi hazikuwamo katika diski yake rasmi. Tangu Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, zimo, na tatizo limepungua sana. Wazo la kubadili kadi na kuweka ya Intel ni zuri pia, lakini angalia umri wa mashine: ThinkPad za zamani kama X230 hukataa kuwaka zikiwekewa kadi isiyokuwa kwenye orodha ya mtengenezaji.

Nenda dukani na fleshi ya GB 8 iliyokwisha kuwekwa Linux Mint. Mwombe muuzaji aiwashe mashine kwa fleshi hiyo: kwenye ThinkPad na Dell bonyeza F12 mara tu baada ya kuwasha, kwenye HP bonyeza F9. Mint itafanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski ya muuzaji. Unganisha Wi-Fi kwa simu yako. Cheza sauti, fungua kamera, ongeza na punguza mwanga wa kioo kwa vitufe vyake. Kisha funga mfuniko, hesabu hadi sitini, uufungue. Mashine ikiamka na Wi-Fi yake ikarudi, umepita mtihani ambao laptopu nyingi hushindwa. Muuzaji akikataa jaribio hili, maduka ni mengi.

Kabla hujaondoka hapo, ingia kwenye BIOS: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Mashine za ofisi mara nyingi zilifungwa kwa nenosiri la msimamizi, na muuzaji anaweza kukwambia fundi ataliondoa kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi. Kwenye ThinkPad hilo halifanyi kazi. Nenosiri limehifadhiwa katika chipu ambayo haihitaji betri. Bila nenosiri hilo huwezi kubadili mipangilio ya usalama wala mingine iliyofungwa. Tafuta pia mahali palipoandikwa Absolute au Computrace. Kama imewashwa, mashine ilikuwa chini ya ulinzi wa kampuni dhidi ya wizi, na unatakiwa upate maelezo ya kuridhisha kabla ya kutoa fedha.

Betri ikague kwa terminali. Amri ya upower -d itakupa namba mbili kwa kila betri: uwezo iliokuwa nao ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa. Chini ya asilimia 60, ihesabu kuwa ni betri ya kubadilishwa na uipunguze kwenye bei. Betri za bandia hutoa takwimu za uongo, hivyo iache mashine ikae bila chaja muda wote unapoijaribu na uangalie asilimia inavyoshuka. Diski ikague kwa programu ya Disks iliyomo ndani ya Mint, kwenye sehemu ya SMART. Ukiona sekta zilizohamishwa, dai diski nyingine. Kioo ndicho kinachodanganya watu wengi. X270 ziliuzwa zenye kioo cha 1366 kwa 768 na nyingine chenye 1920 kwa 1080, na vile vya daraja la chini hubadilika rangi ukiinamisha kichwa kidogo. Kwa mtu anayesoma na kuandika kutwa, lipa nyongeza upate cha pili.

Kuhusu toleo la Linux sitakuweka sana. Linux Mint 22 yenye Xfce inamfaa mtu anayetoka Windows: menyu iko chini kushoto, na masasisho yake yataendelea hadi 2029. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inamfaa anayetaka mashine isiyobadilikabadilika na isiyopakua mengi. Ubuntu yenyewe ni imara, lakini hupeleka baadhi ya programu zake, Firefox ikiwemo, kwa mfumo wa Snap, unaokula nafasi na bando zaidi. Kwa anayenunua intaneti kwa MB hilo ni gharama ya kila mwezi. Ukishachagua, kaa na ulichochagua. Nimeona vijana wenye vipaji wakibadili matoleo kila wiki bila kuandika hata ukurasa mmoja wa kazi yao.

Maandalizi yaanze Windows ikiwa bado ipo. Nakili faili kama mashine ina zako, kisha sasisha BIOS kwa programu ya mtengenezaji, maana kazi hiyo kwa mashine za umri huu ni rahisi zaidi ukiwa ndani ya Windows. Secure Boot iache ilivyo. Mint, Debian na Ubuntu zote zinakubalika nayo. Wakati wa kusakinisha, kama huna sababu nzito ya kubaki na Windows pembeni, futa diski yote. Weka alama kwenye chaguo la kusimba diski. Laptopu ya inchi 12 ni rahisi kuibiwa kwenye daladala au matatu, na diski iliyosimbwa humwacha mwizi na chuma tupu badala ya picha zako, hati zako na akaunti zako. Liandike nenosiri la kufungulia diski hiyo kwenye karatasi na ulifungie nyumbani, kwa kuwa ukilisahau hakuna fundi duniani atakayekufungulia.

Mpangilio wa kibodi unastahili uangalifu wa mwandishi wa Kiswahili. Mashine kutoka Uingereza ina alama ya @ na ya nukuu mahali tofauti na ya Kimarekani, hivyo chagua mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza. Zile za Ujerumani zina Y na Z zilizobadilishana nafasi. Usichague ule wa Kimarekani wa kimataifa wenye vitufe vya kusubiri. Kwenye mpangilio huo alama ya ritifaa haitoki hadi ubonyeze herufi inayofuata, na ikikutana na irabu hugeuka kuwa alama ya mkazo juu yake: unaandika ng'ombe, inatokea ngómbe. Kwenye LibreOffice weka kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, ambayo inatolewa bure. Kazi ya kukiingiza Kiswahili katika programu za ofisi huria ni ya siku nyingi; mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na wale walioifanya wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Baada ya hapo yamebaki mambo machache. Sakinisha TLP, programu ya kudhibiti matumizi ya umeme, na kama power-profiles-daemon, ya kazi hiyohiyo, ipo iondoe ili zisigombane. Ndani ya mipangilio ya TLP, kwenye ThinkPad, weka betri ianze kuchajiwa ikishuka chini ya asilimia 75 na iachie kwenye 80. Anayefanya kazi akiwa ameichomeka mashine ukutani kutwa nzima ataongeza maisha ya betri kwa miaka. Siku ya safari unaondoa kikomo hicho na kuijaza. Mwenye GB 8 awashe zram, inayobana vitu visivyotumika ndani ya RAM yenyewe badala ya kuvipeleka kwenye diski. Kioo cha 1920 kwa 1080 kwenye inchi 12.5 kina maandishi madogo, kwa hiyo kuza maandishi kwa robo moja. Chagua seva ya masasisho iliyo karibu, Kenya au Afrika Kusini, na usasishe mara moja kwa wiki ukiwa kwenye mtandao usiolipiwa kwa MB. Timeshift, programu ya nakala za kurejesha, iwashwe, ila ujue kwamba inahifadhi mfumo, haihifadhi kazi zako.

Wapo ambao siwashauri kuhama. Mhasibu ambaye ofisi yake inaendesha programu ya Windows pekee, mtu wa Excel anayeishi kwa makro, msanifu aliyefungwa na Photoshop au InDesign, hawa wataumia, na LibreOffice haitawaponya. Kisoma alama za vidole cha mashine hizi usikihesabu kama kipo. Printa za HP kwa kawaida hukubali bila shida. Baadhi ya printa za leza za bei nafuu za kampuni nyingine hazina draiva ya kueleweka, kwa hiyo jaribu na ya kwako kabla ya kufuta Windows.

Kwa mwanafunzi, mwalimu, mwandishi wa habari au anayejifunza kuandika programu, uamuzi wangu ni huu: X270 yenye i5-7200U au i5-7300U, kioo cha 1920 kwa 1080, kadi ya Intel na kipande kimoja cha RAM cha GB 16. Ukiikosa, chukua EliteBook 820 G4. Ukizikosa zote, EliteBook 820 G3 itakufaa ukivumilia joto la video. Fedha itakayobaki usiipeleke kwenye begi. Nunua diski ya nje uhifadhi nakala ya kazi zako kila Ijumaa.